Anza na kukausha, sabuni itangoja

Swali: "Nimerudi nyumbani Luanda, Vihiga, baada ya miaka mingi mjini Kisumu. Shamba ni kama robo tatu ya eka: mahindi na maharagwe pamoja, mboga za kunde na saga pembeni, migomba michache, ng'ombe mmoja wa maziwa na kuku. Nataka tupunguze kununua dukani. Nimetazama video za kupika sabuni, kusuka vikapu, kufinyanga vyungu na kugandisha maziwa kwenye kibuyu, na sasa kichwa kinazunguka. Mahindi yatakuwa tayari mwisho wa Julai. Nianze kujifunza lipi?"

Dada, jibu umeliandika mwenyewe hapo kwenye mahindi ya Julai. Ujuzi wa nyumbani hufuata msimu, maana kitu cha kujifunzia huja mara moja au mbili kwa mwaka kisha kinapita. Anza na kukausha na kuhifadhi. Sabuni ikikushinda, umepoteza lita moja ya mafuta. Mahindi yakiingia stoo na maji ndani, umepoteza ugali wa miezi kadhaa, na pengine afya ya watu wa nyumba.

Piga hesabu kwanza. Nyumba inayosaga gorogoro moja kwa siku, yaani karibu kilo 2, hula kilo 730 kwa mwaka. Hayo ni magunia manane ya kilo 90. Robo tatu ya eka yenye migomba na mboga ndani yake haikupi ziada ya kuchezea. Ndiyo maana wengi wanaoogopa wadudu huuza mwezi wa Agosti, wakati kila mtu anauza, kisha ikifika Aprili au Mei wanarudi sokoni kununua kwa gorogoro, kwa bei ya juu, mahindi ambayo yangekuwa kwao. Kabla ya kutafuta namna ya kuzalisha zaidi, jifunze kutopoteza ulichonacho.

Tuanze shambani. Mahindi yamekomaa pale punje zinapoacha kujaa. Ng'oa punje moja katikati ya gunzi, ikwaruze kwa ukucha ile ncha iliyokuwa imeshika gunzi: ukikuta doa jeusi, mmea umemaliza kuilisha. Lakini kukomaa si kukauka. Wakati huo punje bado ina maji kama asilimia 30. Kikomo cha kuhifadhi ni asilimia 13.5, na safari kati ya namba hizo mbili ndiyo kazi yako yote.

Hapa watu hukosea kwa pande mbili. Kuna anayeacha mahindi shambani mpaka Septemba yakaukie kwenye bua. Fukusi na dumuzi, yule ambaye wengi humwita Osama, hawangoji stoo. Huruka mpaka shambani na kuingia kwenye mahindi kabla hujavuna, kwa hiyo unawabeba mwenyewe hadi nyumbani. Mwingine huvuna mapema, halafu anarundika mahindi na maganda yake kwenye kona ya jikoni wiki nzima. Tia mkono katikati ya rundo kama hilo usiku wa pili: ni moto. Joto hilo na unyevu ule ndivyo ukungu unavyovipenda.

Vuna siku isiyo na mvua, umande ukishakauka. Menya maganda papo hapo na utenge magunzi yaliyooza, yenye utando wa waridi au unga wa kijani na njano. Usiyatie hata moja kwenye gunia la chakula. Ukungu wa kijani na njano ndio unaotoa aflatoksini, sumu ambayo haiondoki kwa kuchemsha ugali wala kwa kukoboa peke yake. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na maeneo jirani, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 wakafa, na mahindi mengi yaliyowadhuru yalikuwa yamehifadhiwa majumbani yakiwa na unyevu. Magunzi hayo usimpe ng'ombe ukidhani umeokoa kitu, kwa sababu sumu hupitia kwenye maziwa. Kuku nao huathirika. Yafukie.

Sasa ghala. Ghala la mviringo la fito lililosukwa kama kikapu, lile ambalo Wajaluo huliita dero, ni zuri kwa mahindi ambayo tayari yamekauka. Kwa kukausha halifai, maana upepo haufiki katikati. Luanda, ambako mvua ya alasiri huweza kunyesha hata Agosti, unahitaji kichanja kirefu chembamba: upana sentimita 60 tu, urefu kadiri ya mavuno yako, kuta za fito zilizoachana, paa lenye kivuli kirefu, sakafu iliyoinuka kama mita moja kutoka chini. Upande mrefu uelekee upepo. Usishawishike kuongeza upana ili kupunguza fito, kwa sababu kikifika mita moja na nusu, magunzi ya katikati hukaa mabichi huku ya pembeni yanalia kwa ukavu. Kila nguzo ivishwe bati lililokunjwa kama faneli iliyopinduliwa, kimo cha kiunoni, panya asipite. Na ufyeke nyasi na matawi yaliyo karibu, maana panya ana njia nyingine, anaruka.

Magunzi yakishakaa humo wiki kadhaa na punje ikitoka kwa kubanwa na kidole gumba, pukuchua. Tumia mikono au kipukuchuzi cha mkono. Ile tabia ya kujaza magunzi guniani na kupiga kwa rungu huokoa saa mbili na kuharibu miezi sita: punje iliyopasuka ni mlango wazi kwa ukungu na wadudu. Kisha tandaza punje juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo, kwa sababu ukungu wa aflatoksini huishi kwenye udongo. Kina kisizidi sentimita 4. Geuza kila nusu saa au saa moja. Kunja kabla ya wingu la alasiri, na kabla ya umande hata kama hakuna wingu. Usishangae uzito ukipungua: kilo 100 zenye maji asilimia 22, zikishuka hadi 13, hubaki karibu kilo 90. Hizo kilo 10 zilikuwa maji, hakuna aliyekuibia.

Utajuaje yamekauka? Wazee huuma punje na kusikiliza mlio, na wenye uzoefu hawakosei sana. Anayeanza atumie chumvi na chupa. Chukua chupa ya kioo ya mililita 750 yenye kifuniko, iliyo kavu kabisa ndani. Kaanga chumvi kidogo kwenye sufuria kavu, iache ipoe. Tia punje hadi theluthi moja ya chupa, ongeza vijiko vikubwa viwili vya chumvi hiyo, funga, tikisa kwa nguvu dakika moja, weka mezani dakika 15. Kisha inamisha chupa taratibu kuelekea mwanga. Chumvi ikiwa imegandamana kwenye kioo kama ukungu wa asubuhi dirishani, unyevu umepita asilimia 15: rudisha kwenye turubai. Ikianguka yote na kuacha kioo kisafi, uko chini ya 15. Hapo wengi hushangilia na kufunga magunia. Wewe ongeza siku moja au mbili za jua kali, kwa sababu chini ya 15 bado si 13.5. Chota sampuli kutoka pande zote za turubai, hasa pale palipo na kina. Kiganja kimoja cha juu kitakudanganya.

Na jambo dogo ambalo huharibu kazi nzuri: usifunge mahindi yakiwa ya moto kutoka juani. Yaingize ndani, yapoe usiku kucha juu ya turubai, uyafunge asubuhi. Yakifungwa moto, mvuke hugeuka matone kwenye plastiki, na safu ya juu huota ukungu ndani ya wiki mbili. Mtu hulaumu gunia.

Gunia lenyewe, kwa mahindi ya kukaa zaidi ya miezi mitatu, liwe lile lisilopitisha hewa: mifuko miwili ya plastiki ndani na gunia la kawaida nje. Si la jadi, nakubali, ila kanuni yake ni ileile ya chungu kilichozibwa kwa udongo: wadudu waliomo hutumia hewa yote na kufa. Jaza, kamua hewa, zungusha shingo ya mfuko wa ndani, ikunje, funga kwa kamba; kisha wa pili hivyo hivyo. Usilifungue kila siku kuchota gorogoro, maana kila ukifungua unawapa wadudu pumzi mpya. Tenga gunia moja la kula, mengine yakae yamefungwa juu ya mbao, mbali na ukuta.

Maharagwe yana adui mwingine, na dawa yake ni ya kupendeza kwa jinsi ilivyo rahisi. Mdudu wa maharagwe wa nyanda za juu hutaga mayai yakiwa huru kati ya punje. Buu akianguliwa ni mdogo kuliko nukta hii. Ili atoboe ganda gumu la haragwe lazima ajibane katikati, mgongo ukiegemea haragwe moja na meno yakisaga jingine, na kazi hiyo humchukua karibu siku nzima. Ukibingirisha chombo kabla hajamaliza, maharagwe huhama, anapoteza egemeo, anaanza shimo upya. Akianza upya mara kadhaa, nguvu humwishia na anakufa. Kwa hiyo weka maharagwe makavu kwenye debe au dramu ndogo lenye mfuniko, lijae nusu au robo tatu ili yaweze kuhama, ulibingirishe mizunguko michache asubuhi, mchana na jioni. Mtoto wa shule anaiweza kazi hiyo na ataifurahia kwa wiki moja. Baada ya hapo itabidi umkumbushe.

Kubingirisha hakumwui buu ambaye ameshaingia. Huyo muue kwa jua siku ya kwanza. Tandaza nyasi kavu, juu yake nailoni nyeusi, juu yake maharagwe kwa kina cha sentimita 2 au 3, funika kwa nailoni angavu na ubane kingo kwa mawe. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane au tisa mchana wa jua kali, maharagwe huwa ya moto kiasi cha kushindwa kuyashika. Joto hilo huua mdudu wa hatua zote. Maharagwe ya mbegu yasipite hapo, ili usihatarishe uotaji wake. Hayo na mbegu za kunde yatie majivu. Majivu yawe baridi, makavu na yaliyochekechwa. Usinyunyize kiganja kimoja kama anayetia chumvi kwenye mboga! Kwa kunde, vipimo vitatu vya majivu kwa vinne vya mbegu, changanya mpaka kila mwanya ujae, kisha funika juu kwa majivu matupu, kina cha sentimita 3. Majivu huzuia kwa kujaza nafasi: mdudu hawezi kutembea, kupandana wala kutaga. Machache hayamzuii, yanamchafua tu.

Mboga zinafuata, na hizi unaweza kuanza wiki hii bila kungoja Julai. Kunde huchumwa kabla mmea haujaanza maua, majani yakiwa laini. Chemsha lita 5 za maji na vijiko vikubwa viwili vya chumvi. Tia kilo moja ya majani yaliyooshwa, yasizidi hapo, maana maji yakipoa mboga inachemka badala ya kushtuliwa. Hesabu dakika 2 hadi 3, toa, tumbukiza kwenye maji baridi, chuja vizuri. Tandaza safu nyembamba kwenye wavu au ungo ulioinuliwa kimo cha meza, mahali penye upepo na kivuli. Jua la moja kwa moja hukausha upesi, lakini huharibu vitamini A, nayo ndiyo faida kubwa ya mboga hizi. Zimekauka pale jani linapovunjika kama karatasi na kikonyo kinapokatika kwa mlio. Kilo 10 mbichi zitakuachia kilo moja na kidogo. Zitie kwenye chupa ya kioo zikiwa zimepoa, na kesho yake asubuhi itazame: matone ndani ya kioo maana yake rudisha kwenye ungo. Saga na managu hufanywa vivyo hivyo. Mrenda hukaushwa mbichi kivulini na kusagwa. Ikinyesha siku mbili mfululizo, pandisha ungo juu ya meko. Zitanuka moshi kidogo, na si vibaya.

Maziwa nitayapitia haraka, kwa sababu hapa kosa kubwa ni moja tu: kuyagandisha bila kuyachemsha. Uchachu peke yake usiuamini kuua vijidudu vya brusela. Chemsha, acha yapoe hadi uvuguvugu, tia vijiko viwili au vitatu vya maziwa lala ya zamani kwa kila lita, funika, yaache saa 18 hadi 24. Hayo ni maziwa lala ya kawaida. Kibuyu cha Kikalenjin, sotet, kinachosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, ni ufundi wa hatua ya pili. Kibuyu kipya ni kichungu: kijaze maji, uyabadilishe kila siku mpaka uchungu uishe, na usikioshe kwa sabuni milele, kwa sababu kinainywa. Kunywa mursik, yaani maziwa ya kibuyu hicho, ndani ya wiki hivi. Watafiti wamepima mursik ya Bonde la Ufa na kukuta pombe pamoja na asetaldehaidi, ambayo si rafiki wa koo, kwa hiyo sioni sababu ya kuiweka majuma mengi.

Munyu, yale maji ya majivu ya kupikia mrenda na maharagwe, ni ujuzi wa nusu siku. Baada ya kupura maharagwe usitupe maganda na mabua. Yakaushe, yachome juu ya bati safi, bila plastiki wala karatasi za rangi, ukusanye majivu. Toboa tundu chache chini ya mkebe, tandika nyasi kavu, jaza majivu hadi robo tatu, shindilia kidogo, mimina maji kidogo kidogo. Yatadondoka matone ya rangi ya chai nyepesi. Ya kwanza ndiyo makali zaidi. Anza na kijiko kimoja kikubwa kwa sufuria ya familia. Ukiona mboga imekuwa kijani cha kung'aa na ina ladha ya sabuni, umezidisha, na umeshaharibu vitamini nyingi pia. Mwenye ugonjwa wa figo asile kabisa, kwa sababu munyu una potasiamu nyingi.

Mbegu: mahindi ya mbegu chotara usiyarudishe shambani, mavuno hushuka. Kunde, saga na managu weka zako mwenyewe. Acha mistari miwili ya kunde bila kuchuma hata jani. Saga hupasua maganda yake ikiiva, kwa hiyo ikate maganda yakianza kuwa ya njano na uikaushe juu ya kitambaa. Usiipande mara tu baada ya kuvuna, kwani mbegu mpya ya saga husinzia. Ipe miezi mitatu au zaidi.

Kwa hiyo Juni hii: kunde mara moja au mbili kwenye ungo, fito za kichanja, turubai, chupa na chumvi. Julai na Agosti, mahindi na maharagwe. Munyu utakuja wenyewe na maganda. Januari, jua likiwa kali na jembe likiwa limepumzika, ndipo urudi kwenye sabuni, na hapo utakuwa tayari umejua nusu yake, kwa sababu maji yake huchujwa kama ya munyu, ila hutoka kwenye majivu ya kuni ngumu au maganda ya ndizi, na huchemshwa yapungue mpaka yai bichi lielee likionyesha mgongo wa ukubwa wa sarafu. Yanachoma ngozi, basi vaa glavu na usitumie sufuria ya alumini, itatobolewa. Na usitarajie mche: sabuni ya majivu hutoka laini kama uji mzito, kwa hiyo anza kuweka akiba ya mikebe yenye vifuniko.